Mate ya Chadia

Jumatatu asubuhi, umeme uliporudi, Daktari Kapinga alifungua friza ya maabara ya jenetiki, ambayo vitivo vyote vya chuo huitumia kwa pamoja, akakuta mate yanaongea. Ni yeye aliyeyakusanya, kwenye vichupa, kwa wakazi wa mtaa ulio nyuma ya kiwanda cha shaba, ili ajue kwa nini watoto wao walizaliwa na vidole vilivyoshikana. Tangu mwaka juzi yalingoja zamu kwenye mashine ya kusoma vinasaba. Sasa yalikuwa yakisalimiana na kuulizana habari za nyumbani.

Hénoc, mtafiti wa mahindi, alikuja kulalamika.

"Docteur, mate yako inapiga makelele. Hatuwezi kutumika kazi."

"Iko inasema nini?"

"Mayi tu. Mayi ya kisima, eti iko kijani."

Kamati ya maabara ilikutana. Kuhusu kisima hakuna aliyeuliza. Iliamuliwa kwamba mate yaongee Alhamisi mchana, siku nyingine mlango wa friza ubaki umefungwa. Mashine ilipewa mahindi, kwa kuwa mahindi yalikuwa na mfadhili, ambaye ni kile kiwanda cha shaba.

Habari zikafika mtaani. Alhamisi watu walikuja, wakaketi kwenye mabenchi na kujisikiliza. Mzee Kasimu aligombana na mate yake mwenyewe, yaliyokuwa yakisimulia mambo yake ya ujana mbele ya mke wake.

Alima hakuja kujisikiliza. Alikuja kwa dada yake mkubwa, yaya wake Chadia, aliyetema mate kwenye kichupa, akafariki kabla ya mvua kuanza, akamwachia mtoto wa kulea. Kapinga alimsogezea kiti karibu na friza.

"Yaya, ni miye."

"Alima!" kichupa kikaitika. "Mutoto anakula muzuri?"

"Anakula. Nilimushonea shati ya bila vifungo, avae mwenyewe."

"Aksanti. Na majibu ilikuya?"

Alima alimtazama Kapinga. Kapinga aliitazama mashine, iliyokuwa ikisoma mahindi.

"Bado, yaya."

"Basi tutangoja. Lakini asikunywe ile mayi."

"Anakunywa, yaya. Hakuna ingine."

Muda uliopangwa ukaisha. Kapinga aliuacha mlango wa friza wazi kwa muda kidogo zaidi, baridi ikimwagika miguuni pao, kisha akaufunga.