Kijia Kilichosahau Kujifunga

Hesabu kutoka kumi kurudi nyuma, mwalimu, anasema Daktari Mbonea, na Siwema anafika saba, saba inanyooka na kuwa barabara, naye yuko juu yake pekupeku, barabara ya bluu inayopanda na kupanda. Anaijua. Ndiyo aliyoelezwa asubuhi: mtoto akiwa tumboni huwa na vijia shingoni, hujifunga kabla hajazaliwa, ila chako kimoja kilisahau. Miaka thelathini na moja amekifunika kwa mtandio kile kitundu cha shingoni kinachotoa ute, na mtaani Kondoa watu wakinong'ona kuwa ni husuda. Tutakitia rangi ya bluu, tukifuate hadi kooni, tukitoe kizima. Na sauti yangu, daktari? Nafundisha chekechea, naimba kutwa. Neva ya sauti iko jirani mno, dada, nitakwenda taratibu.

Sasa anatembea ndani ya kijia chenyewe, wala haogopi, anataka tu kuona kinakoishia. Anatokea mtu asiye na uso, laini kama yai lililomenywa. Kitendawili, anasema. Tega, anajibu Siwema kwa mazoea ya darasani. Mlango wangu u wazi, nyumba haijajengwa. Siwema anawaza, anashindwa. Basi nipe mji. Nakupa Kondoa, na papo hapo Kondoa inachipuka kushoto na kulia, miji miwili inayotazamana kama kwenye kioo, na kando ya kila mji mto mwekundu unadunda. Jibu ni kijia hiki unachokanyaga, anasema asiye na uso, pita katikati, usiguse maji. Anapita kiubavuubavu, amebana pumzi. Mbele umetandwa uzi mweupe unaotetemeka, na akiinama anasikia ukivuma. Huu ni nini? Kinachoimba bila mdomo, anajibu asiye na uso. Siwema anaelewa. Anakunja kanga hadi magotini, anainua mguu mmoja, kisha wa pili, anauvuka bila kuugusa, na nyuma yake barabara inakunjwa kama mkeka, inamfikia visiginoni, inamwangusha.

Unanisikia? Koo linawaka. Anafungua mdomo, na sauti inatoka, ya mikwaruzo, lakini yake. Tuko wapi? Hospitali, mdogo wangu, kimetoka chote, anasema dada yake Rukia, akicheka huku analia. Siwema anamgusa shavu kwa kidole. Lina joto, limelowa. Lakini hata ndotoni machozi huwa na joto. Niulize jina langu, dada, anamwambia, nikilijua nitaamini nimeamka.