Jina Katika Ubeti wa Mwisho

Honi ndiyo niliyoisikia kwanza: mbili fupi, moja ndefu, chini ya dirisha letu Kibokoni. Sikuhitaji kuchungulia. Hata honi Fahmi aliipiga kwa mizani, na hilo nalo liliniudhi.

Ni mwaka wa pili sasa tangu siku ile, na bado nikiisikia honi ya namna hiyo huacha ninachofanya.

Tulikuwa tunakwenda Taveta kufuata vitunguu na ndizi za harusi ya Alawiya, mdogo wangu. Fahmi, rafiki yangu tangu chuo cha Kurani, alikuwa na pikapu ya kupeleka mali sokoni Marikiti. Mimi nilikuwa na kinyongo. Siku tatu kabla, Alawiya alimwomba yeye, si mimi, amtungie shairi la harusi.

"Mimi ndiye nduguyo wa tumbo moja," nilimwambia Alawiya. "Na mshairi yumo humu humu ndani."

"Ukiandika, kaka, unajiandika wewe," alijibu, akipepeta mchele bila kuinua macho.

Hakuna aliyenifundisha ushairi. Nilihesabu mizani kwa vidole vyangu mwenyewe, na sikuzoea kuwa wa pili.

Kwenda, tulizungumza mpira. Kurudi, tulipoipita Voi, Fahmi akanitupia daftari mapajani. "Mimi nimeshika usukani, wewe shika kalamu. Una mwandiko mzuri."

Akaanza kutunga huku akipishana na malori, kwa wepesi, kama mtu anayemenya chungwa. Mimi naandika, moyo unachemka. Kisha akasema:

"Umetulea wakubwa, nawe u mdogo wetu."

Kalamu ikasita. Tangu baba afariki, Alawiya ndiye aliyeamka alfajiri kukanda mahamri ya kuuza. Mimi nilikuwa nikitoka chumbani nikiyakuta mezani, nakula, nakwenda zangu kutafuta vina.

"Umeyajuaje haya?" nikamuuliza.

"Kila alfajiri nikienda Marikiti naiona taa ya jiko lenu. Wewe huwa umelala, bwana mshairi." Akacheka.

Niliuchukia ubeti ule kwa kuwa ulikuwa wa kweli, na kwa kuwa ulikuwa haki yangu kuusema.

Foleni ilitukwamisha Kibarani, tukikaribia nyumbani. Fahmi akashuka kukaza kamba za magunia, akaniachia kaditama, ule ubeti wa mwisho ambamo mtungaji hujitaja.

"Malizia wewe," alisema. "Jina langu unalijua."

Nikaandika langu badala ya lake: *Mtungaji ni Zeini, mzawa wa Kibokoni.* Nikaichana karatasi kutoka daftarini, nikaikunja, na aliporudi nikamtilia katika mfuko wa shati.

Siku ya harusi wanaume tulikaa chini ya turubali, wanawake wakiwa ghorofani, spika imeelekezwa madirishani kwao. Fahmi alisoma, na watu wakanyamaza mpaka kijiko kikasikika kwenye kikombe. Alipofika kaditama alitua, pumzi moja. Akanitazama. Kisha akalisoma jina langu kwa sauti ile ile, akaivuta mishororo kama alivyoivuta yote.

Vigelegele vilimiminika kutoka juu. Wazee wakanishika mkono, mmoja baada ya mwingine.

Baadaye Alawiya akaniita ngazini. Hina ilikuwa imemkolea mpaka kwenye viwiko.

"Kaka," akasema, "miaka yote hii nilidhani hunioni."

Akaubusu mkono wangu, ule ulioandika. Maneno ya namna hiyo nilikuwa nimeyataka maisha yangu yote. Yalipofika, yalikuwa ya mtu mwingine.

Nilimkuta Fahmi nje akipakia masufuria kwenye pikapu.

"Kwa nini umelisoma?"

"Ulitaka nimwambie bi harusi kwamba nduguye ni mwizi? Leo?" Akabamiza mlango wa nyuma. "Lakini mwandiko wako mzuri, hilo sikatai."

Hata hapo nilimwonea wivu. Si kwa shairi tena. Kwa ile pumzi moja aliyoivuta mbele ya watu wote, akanisitiri. Mimi ningelikuwa yeye, ningelipasua spika kwa kumtaja mwizi.

Akaingia, akawasha gari. Nikaushika mlango kabla hajaufunga.

"Ijumaa Alawiya na mumewe watakuja kula kwetu," nilimwambia. "Nitamwambia mbele ya mama, Fahmi. Aliyemwona ni wewe. Mimi nilikuwa nimelala."