Foleni ya Watu Wanane

Usiku wa jana niliota mambo ya diski, na wa kulaumiwa ni mjukuu wangu Zamda. Jana alasiri, mimi nachambua mchicha, alinieleza kazi aliyopewa na zahanati yetu: kupima kasi ya diski mpya, kile kidude cha kompyuta kitakachotunza kadi za wagonjwa. Programu ya majaribio inatoa wafanyakazi wanane wasioonekana, wote wanaiomba diski kwa pamoja. Sasa diski inachelewa kujibu. Isipojibu upesi kufikia saa nne asubuhi, inarudishwa dukani, na manesi wataendelea kupekua magunia ya kadi.

"Mbovu hii, bibi," akasema, machozi yanamlengalenga.

Basi nikalala. Mara nimesimama uwanjani pa zahanati, mchana kweupe, na diski anakaanga vitumbua, kila kitumbua kadi ya mgonjwa.

Ni mama mnene wa bati, kajifunga kanga mbili. Chuma chake cha vitumbua kina mashimo thelathini na mawili. Nimeyahesabu mara mbili, maana mimi shule niliishia darasa la tatu.

"Shikamoo, bibi," anasema bila kugeuka.

"Marahaba. Wanasema u mvivu."

"Mvivu? Kuna shimo umeliona tupu hapa?"

Kweli, yote yamejaa. Natazama foleni: watu wanane tu, na nyuma yao nesi Tunu, kashika kibakuli kimoja.

"Nataka kadi ya mtoto mmoja tu, ana homa," nesi ananiambia. "Nimesimama hapa mpaka soksi zimeota mizizi."

Natazama. Zimeota.

Watu wanane wanamshindaje mama mzima? Namwendea wa mbele, kijana aliyevaa tai. Kumbe kabeba mnara wa bakuli. Kwetu ndivyo tulivyo, mtu mmoja hushika foleni kwa niaba ya nyumba nzima, ukimtazama unaona mtu mmoja.

"Bakuli ngapi hizo, baba?"

"Thelathini na mbili. Ndivyo nilivyoagizwa na Zamda."

"Na wewe?" namuuliza wa nyuma yake.

"Thelathini na mbili."

Wote wanane, hivyo hivyo. Bakuli zinapiga kelele, "Tusogee! Tusogee!" na hakuna pa kusogea.

Nageuka kutafuta kivuli, najikuta darasani. Mwalimu ni namba Thelathini na Mbili mwenyewe, kashika chaki.

"Niliandikwa kwenye karatasi ya diski," anasema kwa huzuni. "Ndio uwezo wake kwa mpigo mmoja. Zamda alinisoma, akampa kila mfanyakazi mimi mzima mzima. Nilipaswa kuwatosha wote wanane."

"Basi ugawanywe."

"Itauma?"

"Kidogo."

Nikampasua vipande vinane, kama muhogo. Hakulia. Kila kipande kikatoka nne.

Narudi uwanjani na vipande vyangu, kila mfanyakazi nampa kimoja. Mwenye tai anafura. "Nne tu? Mimi niliagizwa thelathini na mbili!"

"Chukua nne, peleka, urudi. Nani kakukataza kurudi?"

Akanung'unika, akapunguza mnara. Mama diski anaendelea kukaanga, mkono uleule, mwendo uleule, hakuongeza hata kitumbua kimoja. Lakini mara hii nesi Tunu kashapata chake. Anang'oa soksi ardhini, anakimbilia ndani kwa mtoto.

"Umeona?" mama diski ananiambia. "Mvivu ni nani?"

Kabla sijajibu, nasikia, "Bibi! Bibi, amka!"

Jua limeingia dirishani. Zamda kasimama, kompyuta mikononi.

"Nani kagusa hii? Jana niliandika foleni ya thelathini na mbili kwa kila mfanyakazi. Leo nakuta nne! Nimepima tena, bibi. Kasi ni ileile, ila kusubiri kumepungua karibu mara nane. Diski ni nzima! Kosa lilikuwa langu."

"Labda ulibadilisha ukasahau," nikasema.

Kwenye kitufe cha namba nne pameganda unga wa mchele, mbichi bado. Nikatazama kidole changu. Nikakiingiza ndani ya kanga.

"Saa nne bado mbali, mke mwenzangu. Lala kidogo."

Akajitupa kitandani kwangu na viatu vyake. Kabla sijamfunika shuka, alishaanza kukoroma.