Lalamiko la Mejumaa

Swabaha binti Jaffar alijiandikisha darasa la uandishi katika chuo kimoja cha watu wazima, kule mtaa wa Buxton, akiwa na hakika kwamba kuandika anakujua. Mtaani kwao Mji wa Kale ndiye aliyewaandikia watu barua, na mashairi ya harusi alitungishwa yeye. Uhuru ulikuwa haujatimiza hata mwaka, kila mdomo ukisema haki, haki. Naye akaingia darasani na maneno yake mazito, tayari kuyamwaga.

Mwalimu Crispus, Mtaita mpole asiyepandisha sauti, akamharibia raha siku ya kwanza.

"Mwezi huu tunasoma haki," alisema. "Kila mmoja ataandika lalamiko la mwenzake, mpaka mwenzake mwenyewe akubali kulitia sahihi. Akikataa, rudia."

Swabaha akapangiwa Mejumaa, Mgiriama wa Kaloleni aliyekuwa akifanya usafi wa wodi katika hospitali moja mjini. Akaona kazi ni nyepesi. Nani asiyejua dhiki za watu wa huko? Akaandika kurasa tatu za ardhi iliyoporwa na jasho lililopotea bure, maneno yakimbubujika.

Mejumaa alisoma polepole, akamrudishia. "Huyu si mimi. Baba ana shamba lake na minazi yake. Na mbona alia sana huyu mtu?"

Swabaha akaandika upya, safari hii njaa. "Njaa sikuiona, alhamdulillahi," akasema Mejumaa. Akaandika kodi. "Kodi alilipa baba."

"Basi wewe huna shida!"

"Ninayo," Mejumaa akajibu, huku akijitanda leso mbiombio kuwahi zamu yake.

Swabaha akauma meno. "Njoo kwetu Jumapili tuimalize balaa hii!" akampigia kelele mlangoni.

Jumapili Swabaha alikuwa ghorofani aliposikia hodi, akamsikia na mamake, Bi Mwanakuu, akikaribisha. Hakufanya haraka. Aliposhuka, ukumbini hamna mtu. Akamkuta Mejumaa uani, mikono imezama katika beseni la mashuka, povu mpaka viwikoni.

"Wafanya nini?"

"Nilimwambia mama namtaka Swabaha. Akasema, naam, mtu wa kufua ulikuwa wangojwa. Akanipa sabuni."

"Nawe ukafua? Kwa nini hukukataa?"

"Mtu mzima yule. Nibishane naye nyumbani kwake?"

Bi Mwanakuu akatokea jikoni. Alipoambiwa kwamba huyu ni mwanafunzi mwenzake Swabaha, akajishika mdomo. "Lo! Niwie radhi, mwanangu. Sikujua, wallahi." Kisha akamvuta bintiye pembeni, akamnong'oneza kwa ukali: "Nawe mbona hukunambia kwamba mwenzio ni Mgiriama?"

Swabaha alipandwa na hasira asijue pa kuzitua: kwa mama, kwa Mejumaa na upole wake, kwa huyo Mwalimu Crispus aliyeyaleta yote haya. Akaketi akaandika habari ya mashuka kwa pumzi moja. Ilikuwa insha bora kuliko zote alizowahi kuandika, na alilijua hilo.

Mejumaa aliisoma darasani, akatikisa kichwa. "Hili si lalamiko langu, shoga. Hii ni aibu yako. Itie sahihi wewe."

Swabaha akaitupa kalamu mezani, darasa zima likageuka. "Basi niandike nini, Mejumaa? Nakuuliza, niandike nini?"

"Ndiyo kwanza waniuliza leo. Siku zote hizi wanieleza tu."

Swabaha akavuta karatasi mpya. Akaiokota kalamu. "Haya. Sema."

Mejumaa akasema. Alikuwa akiongoza darasa lao, akitaka kuwa muuguzi, baba akamtoa shule ili kaka yake aendelee. Na kaka mwenyewe kitabu alikuwa hakipendi. Sasa yeye apiga deki chini ya vitanda, na wasichana aliokuwa akiwashinda hesabu ndio wanaowadunga wagonjwa sindano. "Hakunitoa Mzungu, wala hamkunitoa nyinyi wa mjini. Alinitoa baba, nami nampenda. Kwa hivyo sina wa kumlalamikia."

Swabaha aliandika vile vile alivyosikia, sentensi fupi, kavu, zisizo na pambo lolote. Zilimkera. Mejumaa akasahihisha maneno mawili, akatia sahihi.

Mwalimu Crispus akaipokea, kisha akaigusa ile ya mashuka. "Na hii, je? Mama yako ameisikia?"

"La, Mwalimu."

"Basi bado haijakwisha."

Swabaha alienda njia nzima akimnung'unikia mwalimu. Alimkuta Bi Mwanakuu akichambua mchele, akamsomea yote, bila kuacha lile la Mgiriama.

"Umenifanya dhalimu," mama akasema. "Mimi nilomkaribisha!"

"Ulimkaribisha kwenye beseni, mama."

"Andika basi kwamba nilimtaka radhi."

"Nimeandika."

"Na uandike kwamba ulisikia hodi ukakaa juu. Mgeni ni wako, hukushuka kumpokea, hukunambia aja. Hilo mbona silisikii humo?"

Swabaha akaichukua kalamu. Akaandika na hilo, kwa mwandiko mbaya wa mtu aliyekereka, mamake amemsimamia begani asije akaruka neno.