Kuhesabu Kuanzia Sifuri

Mkunga mstaafu alikaa kwenye stuli ya wateja, mkoba wa disketi mapajani, kaukumbatia kama kichanga. Macho yake yalikuwa yakififia. Daktari alishamwambia kwamba mwaka hautaisha akiwa bado anasoma. Na ndani ya disketi zile walikuwamo watoto wote aliowazalisha kwa miaka kumi na minane, kila mmoja na saa yake na uzito wake. Mashine pekee iliyoweza kuzifungua ni hii kompyuta kongwe iliyolala mezani kifua wazi.

"Nataka niwasome mwenyewe," alisema. "Kusomewa sitaki."

Mpwa wa fundi alikuwa na diploma mpya na mkono mwepesi. Programu ya kupima ilikuwa imeandika kwenye skrini: biti ya 3, mbovu. Chipu nane za kumbukumbu, kila moja na biti yake, zilijipanga kwenye bodi kama meno. Akahesabu moja, mbili, tatu, akazima umeme, akaibana koleo kwenye mguu wa ile ya tatu.

"We Bi Diploma!" Shangazi yake, ambaye ndiye fundi, hata sauti hakupandisha. "Unamkata nani?"

"Mgonjwa, shangazi. Skrini imemtaja."

"Imemtaja, au umemdhania?"

Binti akaishusha koleo. Chipu ya akiba ilikuwa moja tu duka zima, na njia za shaba kwenye bodi ile zilikuwa nyembamba kama unywele. Zikibanduka, basi tena.

Shangazi akaichukua ile akiba, akaibana miguu kidogo kwa kucha, akaipachika mgongoni mwa chipu ya tatu, mguu juu ya mguu, ili ifanye kazi badala yake kama ndiyo mbovu. Akawasha. Kosa liko palepale. Akazima, akaihamishia mgongoni mwa ya nne. Akawasha.

Kosa likatoweka.

Binti alihisi masikio yakimwaka. Kifaa cha kupimia hakijaguswa, wala tone la risasi ya kulehemu halijayeyushwa, na mgonjwa kajulikana! "Lakini imesema tatu!"

Fundi akamgeukia mkunga. "Bibi, mtoto akitoka tu tumboni, ana miaka mingapi?"

"Miaka? Hana hata mmoja!"

"Na hizi ni vivyo hivyo. Ya kwanza huitwa sifuri."

Mkunga akacheka mpaka mkoba ukatikisika. "Pole, mwanangu. Diploma yako imeanzia ukurasa wa pili."

Kisha shangazi akaingia kazini. Alikata miguu ya chipu mbovu, akaitoa mmoja mmoja: joto kidogo, mvuto kidogo, na mguu ukatoka kama ulioomba ruhusa. Kwa kila mguu alibana pumzi, na binti akajikuta anabana naye. Kumi na tano ilitoka, hakuna njia iliyobanduka. Hapo shangazi akamnyooshea chuma cha moto.

"Wa mwisho wako."

Binti akakipokea, akaupasha mguu joto, akauvuta. Mguu ukatoka safi.

Akiba ilipokwisha kulehemiwa, mkunga mwenyewe aliisukuma disketi. Mashine ikakoroma, mistari ikajaa. Akasogeza uso, pua karibu iguse kioo, akasoma polepole.

"Huyu alitanguliza miguu. Mbishi tangu siku ya kwanza!"

"Siku ya sifuri, bibi," binti alisema.

Na shangazi, ambaye huwa hacheki akiwa kazini, akacheka.