Bosi Halali Bila Cherehani

Kosa ni langu, nalikubali. Nilishona mpaka siku niliyoshikwa na uchungu, tumbo likigusa meza ya cherehani, mguu ukikanyaga kutwa. Mtoto aliyekaa miezi tisa karibu na kelele ile alizaliwa na masharti yake: cherehani ikilia, analala, ikinyamaza, anafumbua macho na mdomo kwa pamoja. Wifi yangu alicheka hadi akakaa chini. "Wifi, hujazaa mtoto, umezaa bosi wa kiwanda!" Jina likaganda.

Sasa niambieni, mtu na mumewe watakutana vipi ikiwa mmoja lazima awe anakanyaga? Nesi alituambia tusubiri wiki sita. Bosi ana miezi mitano! Mume wangu ni kinyozi, na zamani alikuwa hapiti nyuma ya kiti changu bila kunibusu shingoni. Siku hizi ananiita Mama Bosi na kuniuliza kama nepi zimekauka. Tumekuwa walinzi wa zamu. Mimi nikimwona anavyojinyoa kwenye kioo, namtamani mpaka naona haya. Lakini yeye je? Nimenenepa huku, nimelegea kule, nanuka maziwa. Nilianza kuogopa kwamba ameshanizoea kama kabati.

Nikaapa: Jumapili hii tunajaribu, ikishindikana simsumbui tena. Nilijishonea gauni la kulalia la satini, kipande kilichobaki kwenye nguo ya bibi harusi mmoja. Aliniachia mwenyewe, msinifikirie vibaya. Kinyozi wangu naye akaja na ujanja wake: alirekodi mlio wa cherehani kwenye simu yake, nusu saa nzima.

Baada ya chakula cha mchana tukaiweka simu karibu na kitanda cha Bosi, pale sebuleni ninaposhonea. Tra-tra-tra-tra. Bosi huyoo, usingizi. Tukanyata chumbani kama wezi. Akaliona gauni.

"Hee!" akasema.

Basi, hiyo "hee" ilinitosha. Miezi mitano sikuisikia. Nikaanza kumfungua vifungo vya shati, na nilikuwa nimefika cha tatu mama mkwe alipopiga simu.

Mlio wa cherehani ukakatika, tarumbeta ya simu ikalia. Mume wangu alitoka mbio, akabonyeza asichokijua, na sauti ya mama yake ikajaa nyumba nzima.

"Mwanangu! Mbona unahema hivyo?"

"Nilikuwa... nafagia, mama."

"Na mkeo yuko wapi?"

"Na yeye anafagia."

"Wote wawili? Makubwa! Na mjukuu wangu analia nini?"

Mjukuu wake alikuwa analia kama ameibiwa. Nilimpita mume wangu bila kumtazama, nikakaa kwenye cherehani na gauni langu la satini, nikakanyaga. Hakukuwa na uzi wala kitambaa. Nilikanyaga kwa hasira na machozi yananitoka, kwa sababu nilikuwa nimeapa, na sasa ndiyo yameisha.

Kwa nyuma nikasikia anamuaga mama yake. Kisha akaburuta benchi la wateja mpaka nyuma yangu, akakaa, akapitisha mguu wake kando ya wangu juu ya pedali.

"Sogeza mguu," akasema. "Umechoka."

"Niache. Najua hunitaki."

"Mimi? Kila nikikukaribia unakimbilia cherehani! Nimekaa miezi nikidhani wewe ndiye hutaki."

"Nakimbilia mtoto, we mwanamume!"

"Sasa mimi ningejuaje?"

Nikacheka, kamasi zikanitoka, akanifutia kwa shati lake lenye vifungo vitatu wazi. Tukakanyaga pamoja, taratibu. Akaniita "fundi wangu", jina langu la zamani, halafu nikahisi midomo yake shingoni, palepale. Nikamwegemea kifuani.

Muda ukapita, sijui kiasi gani. Nilishtuka tu kwamba nyumba iko kimya. Pedali ilikuwa imesimama, na mpaka leo tunabishana ni mguu wa nani ulioacha kwanza. Tukamgeukia Bosi kwa woga. Alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi.

"Twende," nikamnong'oneza.

Akanyanyuka. Safari hii alizima simu kwanza.