Samli ya Melania

Ildefonce alivunja chupa ya bia juu ya jiwe, akaokota kipande chenye makali mazuri, akaanza kuikwangua ngoma aliyoachiwa na baba yake.

Rangi ya kijani ikatoka. Chini yake bluu. Chini ya bluu, nyeupe. Kila mkubwa alipokitembelea kijiji chao cha Ntobeye, ngoma ilipakwa rangi mpya ili ing'ae. Barabara wakubwa hao hawakuigusa. Gari la wagonjwa nalo, siku mkewe Melania alipozidiwa, lilikuwa limebeba viti vya mkutano. Akafa akilisubiri. Lakini rangi ya ngoma, hiyo haikukosekana hata siku moja.

"Shemeji, utaichana," alisema Tecla, mdogo wake Melania, akitua kapu la ndizi. "Una hakika kuna kitu huko chini?"

"Kuna michoro ya mzee wangu. Aliichoma kwa chuma cha moto, nikiona."

"Uliona ukiwa hujaota meno. Kama rangi imeshaila?"

Ildefonce aliendelea kukwangua. Hofu yake ilikuwa hiyo hiyo: chupa ikikosea kidogo, yeye mwenyewe ndiye atakayemaliza kazi waliyoianza wakubwa.

Alipofika kiunoni mwa ngoma, mkono ukateleza. Rangi ikainuka yenyewe, matabaka yote matatu kwa pamoja, ikabanduka kama ganda kavu la mgomba. Chini yake mti ulikuwa mwekundu wa kuiva, unang'aa, na michoro imekaa safi mstari kwa mstari.

Tecla akainama, akanusa. "Samli," akasema.

Kabla ya rangi hizo kuja, kila baada ya mavuno Melania aliipaka ngoma samli kwa kiganja, akisugua mpaka jasho limtoke. Wapaka rangi walipokuja hawakuiosha. Walipaka juu ya mafuta, wakaondoka.

Ildefonce akaangua kicheko, cha kwanza tangu mazishi. "Haikushika! Miaka yote hii rangi yao imelala tu juu ya mkono wa mke wangu!"

Bado walikuwa wanacheka pikipiki ya Danstan, mtendaji wa kata, ilipoingia uani. Alishika kopo la rangi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hilo kopo ni la uji?"

"Mzee na utani wako. Mgeni anafika Ijumaa. Safari hii ni njano." Kisha akaiona ngoma. "Sasa umefanya nini? Hivi haiingii uwanjani. Nafasi ya ngoma ya mbele atapewa mtu mwingine."

Nafasi hiyo ya kuongoza ngoma ilikuwa ya ukoo wa Ildefonce tangu babu. Aliipapasa michoro kwa kidole gumba, taratibu.

"Mpe huyo mtu. Hii itaingia kama Melania alivyoiacha, au itabaki hapa hapa."

"Ngoja nimpigie bosi, usije ukasema nimekuonea."

Danstan akaweka simu sikioni. Ildefonce akachukua fimbo zake mbili, akasimama wima, akapiga.

Sauti ilitoka nzima, nzito, haina kikohozi cha rangi. Ng'ambo ya bonde watu wakaacha majembe, wakainua vichwa.

"Haloo? Bosi, sisikii!" Danstan aliziba sikio la pili. Akasikiliza, uso ukambadilika. "Anauliza... anauliza hiyo ni ngoma ya nani."

Ildefonce hakusimamisha fimbo.

"Mwambie ya Melania!"